Daftari la Wagonjwa, Kanisa la Seilo

Jalada jekundu, pembe zimelika.
Nililipokea kwa Bi Tegwen, naye kwa mamaye,
pamoja na kalamu ya risasi na onyo moja:
andika jina tu, usiandike ugonjwa.
Mungu hana haja ya kuambiwa ni pafu lipi.

Jumapili saa nne, mvua ikichapa paa,
sisi kumi na mmoja katika viti vya watu mia tatu,
nasimama nasoma.
Emrys wa nyumba ya darajani.
Dilwen na kichanga chake.
Ifor.
Ifor yule mwingine, wa duka la nyama.
Baada ya kila jina, kimya,
kirefu kama kumeza kidonge bila maji.

Baba zetu walipasua mlima huu vibao vibao,
wakaezeka miji wasiyopata kuiona,
na vumbi likawaezeka wao, kwa ndani.
Mume wangu Idwal alikohoa miaka tisa.
Nilimsoma kila Jumapili, ukiondoa za theluji,
kwa sauti kavu ya karani, nisije nikakatika.
Tuliomba kwa Kiwelisi,
hospitali ikatujibu kwa Kiingereza.
Hakupona.

Akaja mhubiri kijana kutoka kusini,
ana gitaa, ana chupa ya mafuta,
akasema imani ya Seilo ni haba.
Nilimtilia chai. Nikamwongeza sukari.
Sikumwambia kitu.
Husemwa mgonjwa haulizwi uji.
Mimi nilimuuliza Idwal. Kila jioni nilimuuliza,
hata alipokuwa hawezi ila kutikisa kichwa,
ili ajue bado liko jambo moja
linalongoja neno lake.

Jina likitoka, napiga mstari.
Aliyepona, mstari.
Aliyezikwa, mstari.
Atakayelifungua daftari hili baada yangu
hatajua yupi ni yupi.
Kuna mwaka hilo liliniudhi hadi nikanunua wino wa kijani
kwa ajili ya waliopona.
Haukutumika sana. Ulikaukia chupani.

Bryn alipiga simu kutoka wodini:
Nifute, Meinir. Nimechoka kuombewa
kama deni linalodaiwa kila wiki.
Nikamfuta.
Lakini Jumapili ile, kati ya Dilwen na Ifor,
nilinyamaza kidogo zaidi ya kawaida,
na hakuna aliyeinua kichwa kuuliza ni nani.

Non, miaka saba, alichukua kalamu kwa siri
akaandika Pwtyn.
Pwtyn ni mbwa.
Nilimsoma. Shemasi akakohoa, si kwa vumbi.
Mbwa akapona ndani ya siku tatu,
anabweka hadi leo nje ya dirisha langu,
nami sijui jambo hilo niliweke wapi.

Novemba. Barua ya Bangor imo mfukoni mwa koti
tangu Jumatano, imekunjwa mara nne.
Sijamwambia mtu. Wanangu wako mbali,
na maneno yale hayapiti kwenye simu.
Nafungua daftari:
Emrys, Dilwen, Ifor, Ifor,
na chini, kwa mwandiko wa mchinjaji,
herufi nene kama za bei ya nyama:
MEINIR.

Walijuaje? Pengine ni jinsi nilivyoshika ukingo wa kiti
nikipanda ngazi tatu za mimbari.
Pengine ni sukari: nilikuwa nimeacha.
Nilitazama juu. Ifor alikuwa anachunguza viatu vyake.

Nikasoma. Emrys. Dilwen. Ifor. Ifor.
Kisha hilo, kwa sauti ile ile ya karani,
na herufi ya mwisho ikaniponyoka.

Miaka ishirini na miwili nimegawa kimya
kama mtu agawaye mkate, bila kuuonja.
Nilidhani ndani yake hamna kitu.
Kumbe mna watu kumi
wanaopumua kwa shida, kila mtu na pumzi yake,
na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza
kusema amina.